Ziwa ni letu, meli lini?

Juzi kijiweni Sinza rafiki yangu mmoja alinitolea simu yake akanionyesha picha. Ghuba ya Ha Long, Vietnam. Visiwa vya mawe karibu elfu mbili vimechomoza majini kama meno, na katikati yake boti kubwa za mbao zimetia nanga, taa zinawaka, wazungu wamekaa juu na glasi zao wanatazama jua likizama. Unalipa, unapanda mchana, unalala humo humo majini, kesho yake unarudishwa nchi kavu. Huyu rafiki yangu ni msomi, ana digrii mbili, na ni mtu wa Kyela kama mimi (yeye kwa baba, mimi kwa mama). Akasema: "Unaona? Hivi ndivyo Nyasa ilivyotakiwa iwe. Ziwa tunalo, milima tunayo, visiwa vya Mbamba Bay tunavyo. Tunachokosa ni akili tu."

Nikamuuliza swali moja. Umewahi kupanda meli kutoka Kyela mpaka Mbamba Bay? Akacheka. Hajawahi. Ziwa Nyasa yeye analijua kwa Krismasi za Matema, maji yamefika magotini, bia mkononi.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, na kwa kuwa pale kijiweni alinizidi sauti, acha niumalizie hapa.

Ninachosema ni hiki. Nyasa haihitaji boti ya kulaza watalii. Inahitaji meli ya abiria ya usiku yenye siku inayojulikana, ambayo mama wa Lumbila anaweza kuihesabia vidole. Hayo mengine yote tunayoyaimba kuhusu lile ziwa, utalii, biashara, hata huo mpaka tunaougombania na ndugu zetu wa Malawi, yanakuja nyuma ya hiyo meli. Bila meli ni maneno ya kijiweni. Nami nakiri mapema kwamba maneno hayo ya kijiweni nimeyasema sana.

Mnakumbuka Agosti 2012? Mwaka mmoja nyuma Malawi ilikuwa imeipa kampuni ya Kiingereza, Surestream, leseni ya kutafuta mafuta ziwani, pamoja na maeneo ambayo sisi tunasema ni yetu. Pakachafuka. Marehemu Edward Lowassa, wakati huo mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, akasema jeshi letu liko tayari ikibidi. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Tulipigana hiyo vita usiku kucha bwenini, tukachora ramani kwenye vumbi, tukawafukuza Wamalawi mpaka Lilongwe kabla ya uji wa asubuhi. Tulikuwa kama ishirini mle chumbani, na katika ishirini hao aliyewahi kusafiri juu ya hilo ziwa hakuwepo hata mmoja. Mimi mwenye bibi Kyela sikuwa nimewahi kufika hata Itungi bandarini, mwendo wa kama kilomita kumi tu kutoka mjini.

Desemba mwaka ule ule bibi akanituma. Mama mdogo ameolewa Liuli, kwa hiyo mpelekee kiroba cha mchele na maembe, umsalimie na shemeji zako. Nikauliza njia. Bibi akanitazama kama mtu aliyepoteza ada ya shule. "Njia gani tena? Meli."

Haya. Nikaingia mjini Kyela kuuliza siku ya meli. Wa kwanza akasema Alhamisi. Wa pili akasema Jumatatu, Alhamisi ilikuwa zamani. Wa tatu, muuza chipsi karibu na stendi, akasema inaondoka ikipata mafuta. Nikaenda ofisi moja (siitaji, waliokuwemo siku hizo huenda wameshastaafu) nikaambiwa njoo kesho. Kesho nikaambiwa njoo kesho. Maembe yakaanza kunuka. Siku ya nne nikasikia vijana wa bodaboda wanaitana, "Meli! Meli!", na huo ndio uliokuwa utangazaji rasmi wa safari.

Jina la meli nalo naliweka mfukoni. Ilikuwa ya zamani, na tuliondoka alasiri, muda ambao hakuna aliyekuwa ameutaja kabla.

Sasa nieleze nilichokiona, maana rafiki yangu anadhani uzuri uko Vietnam peke yake.

Ukitoka Itungi nchi ni tambarare, mpunga na minazi na mikakao, mchanga wa mito unaijaza bandari kila mwaka mpaka meli zinatafuta pa kupita. (Ndiyo sababu shughuli nyingi zimehamia bandari ya Kiwira, jirani pale.) Halafu unafika usawa wa Matema na nchi tambarare inakwisha ghafla, kama imekatwa kwa panga. Kinachofuata ni Milima ya Livingstone. Imesimama. Haina mteremko wa kukukaribisha wala tambarare ya kupumzikia, ni ukuta wa kijani unaotoka majini na kupanda zaidi ya mita 1,500 juu ya kichwa chako, na chini yake maji yanaendelea kushuka hivyo hivyo. Mahali penye kina kirefu kuliko pote, lile ziwa linafika mita 700 na zaidi. Jua lilipokuwa linazama upande wa Malawi, ule ukuta wote ukageuka rangi ya chungu kipya kilichotoka motoni. Nasema chungu kwa sababu vyungu vilikuwa pembeni yangu, vimefungwa kwa majani ya migomba, vya Wakisi wa Ikombe. Wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu vya nchi nzima ya kusini kwa vizazi na vizazi, na vimekuwa vikisambaa kwa njia ya maji kabla hata hatujaota habari ya meli.

Mbali kabisa, katikati ya ziwa, nikaona moshi mweusi umesimama wima kama msitu unaungua. Nikadhani ni meli nyingine. Mzee mmoja akanicheka. "Hao ni kungu, kijana." Wadudu, mamilioni kwa mamilioni, wanatoka majini na kupanda juu kama nguzo. Watu wa mwambao huwakamata, wakawakandika na kuwala.

Giza likaingia, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile haikuwa meli ya mandhari. Chini ya ule ukuta kuna vijiji. Mchana huvioni vizuri, vimeng'ang'ania kipande cha ufukwe kati ya mwamba na maji. Usiku unaona mwenge mmoja, halafu miwili. Meli inapiga honi, inapunguza mwendo, inasimama mbali kidogo na nchi kavu kwa sababu gati hakuna. Kutoka gizani mitumbwi inakuja, watu wanaitana majina, na shughuli inaanza. Godoro linashushwa. Kreti za soda zinashushwa. Mtoto anapokewa mkono kwa mkono kama mkate. Bibi mmoja aliyezidi miaka sabini akashuka ngazi kwa kurudi nyuma, kitenge amekikaza, mtumbwi unapanda na kushuka chini yake, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Dakika ishirini, honi, tunaondoka. Mbele kidogo, mwenge mwingine.

Mama mmoja tulikaa naye benchi moja, anarudi Lumbila na mwanawe wa miaka kama minne amelala mapajani. Alikuwa amemleta hospitali kwa mtumbwi wa injini, mtoto akapona upesi, kisha akakaa Kyela kwa jamaa siku tisa kusubiri meli kwa sababu nauli ya mtumbwi wa kurudia hakuwa nayo. Nikampa pole. Akasema, "Mtoto mzima, mwanangu, nashukuru. Ila mahindi yangu sijui nitayakuta vipi." Siku tisa, na mwezi wenyewe ni Desemba, wa palizi! Ule mjadala wetu wa bwenini kuhusu mafuta ya Surestream nikaukumbuka, nikaona aibu peke yangu gizani.

Usiku wa manane nikapanda juu. Mwezi haukuwepo. Ziwa lote upande wa nje lilikuwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, wale wanaoitwa usipa huko kusini, taa nyingi kiasi kwamba hujui maji yanaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Utadhani kuna mji. Hakuna mji, ni watu kazini.

Kulipokucha ukuta ulikuwa umelegea. Manda, mdomo wa mto Ruhuhu, halafu ufukwe wa mkoa wa Ruvuma, mchanga na mibuyu na makanisa ya matofali. Ikaja Liuli na lile jiwe lake la Pomonda, kisha kisiwa cha Lundo, na mwisho ghuba ya Mbamba Bay yenyewe, imekumbatiwa na vilima, visiwa vya mawe vimetapakaa mlangoni, maji meupe mpaka unamwona samaki wa rangi ya bluu anapita chini ya meli. Samaki wa namna ile, mamia ya aina zao hazipatikani ziwa lingine lolote duniani, na wako ndani ya vioo sebuleni kwa watu Ujerumani na Marekani. Nilitakiwa kushuka Liuli. Nilipitiliza makusudi mpaka mwisho wa safari nikarudi Liuli kwa gari, na mama mdogo hakunisamehe mpaka leo kwa hayo maembe.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Sinza, uzuri upo. Hatubishani kuhusu uzuri. Lakini wewe ukisema "Ha Long", unajua kilichotokea Ha Long? Katikati ya ile ghuba yako kulikuwa na vijiji vya wavuvi vinavyoelea, watu walizaliwa na kuoana juu ya maji. Mwaka 2014 serikali ya mkoa wao iliwahamishia nchi kavu, familia zaidi ya mia tatu. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri, shule za watoto, uchafuzi wa maji. Sipingi shule. Nasema tu kwamba leo mtalii anapelekwa kutazama nyumba za watu wasiokuwemo. Na boti zenyewe unazozitamani, Februari 2011 moja ilizama usiku ikiwa imetia nanga, wageni wamelala, wakafa watu 12. Julai 2025 nyingine ilipinduliwa na dhoruba mchana mchana, wakafa zaidi ya 30. Usinione mnafiki, na sisi tuna makaburi yetu, nitayafikia.

Kwanza mpaka. Wapenda historia mtanivumilia.

Mkataba wa Heligoland wa Julai 1890, Waingereza na Wajerumani waligawana nchi zetu, na kwa Nyasa mstari ukapitishwa ufukweni kwetu, maji yote yakabaki upande wa Uingereza. Malawi inasimama hapo, na juu yake inaweka azimio la OAU la Cairo la mwaka 1964 kwamba mipaka ya mkoloni isiguswe. Sisi tunasimama kwenye mstari wa katikati, ambao tumeudai waziwazi toka enzi za Mwalimu mwaka 1967, na tunasema hakuna nchi ya ufukweni inayonyimwa maji yake. Kuna jambo la kuchekesha hapa: Msumbiji, kwenye ziwa hilo hilo, walipata mstari wa katikati kwa makubaliano ya Waingereza na Wareno mwaka 1954. Hoja yetu ni nzuri. Naiamini.

Lakini tazama Likoma. Kisiwa hicho, na mwenzake Chizumulu, vipo jirani kabisa na ufukwe wa Msumbiji, vimezungukwa na maji ya Msumbiji, lakini ni vya Malawi. Kwa nini? Kwa sababu wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walijenga makao yao makuu Likoma miaka ya 1880, na walikuwa na meli. Mwaka 1901 wakaongeza meli ya mvuke Chauncy Maples, imepewa jina la askofu wao aliyezama ziwa hilo hilo mwaka 1895. Ilikuwa inazunguka kijiji hadi kijiji, inabeba walimu, dawa na mapadri, inafika mpaka fukwe zetu, na Liuli nako wakajenga misheni na hospitali. Hao watu hawakugombana na mtu kuhusu ramani. Walipita kila mara, siku baada ya siku, mpaka mchora ramani alipofika akakuta kisiwa kina mwenyewe.

Upande wetu je? Upande wetu historia ya meli ni ya kusikitisha na kuchekesha. Mjerumani alikuwa na meli yake ziwani, Hermann von Wissmann. Agosti 13, 1914, wiki moja na kitu baada ya vita kuu kuanza Ulaya, meli ya Kiingereza Gwendolen ikaingia Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe la Pomonda. Ikafyatua mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, ambaye alikuwa rafiki wa kunywa wa nahodha Mwingereza Rhoades, inasimuliwa alitoka na kimtumbwi chake amefura kwa hasira kuuliza mwenzake kalewa au vipi. Habari za vita hazikuwa zimemfikia. Na ile meli ya Wissmann ilikuwa wapi wakati inapigwa? Nchi kavu! Imepandishwa juu ya magogo, inasubiri matengenezo. Magazeti ya London yakashangilia ushindi wa majini.

Jamani, zaidi ya miaka mia imepita. Ukimuuliza mtu wa mwambao ni maneno gani ameyasikia mara nyingi kuliko mengine kuhusu meli, atakwambia: iko kwenye matengenezo.

Wazee wetu waliosoma au kufanya kazi Ruvuma wanaikumbuka MV Songea na MV Iringa. Zilikuwa zinatoka Itungi mchana, kesho yake ziko Mbamba Bay, na MV Songea ilikuwa inavuka mpaka Nkhata Bay, Malawi. Zilibeba wanafunzi, walimu wapya, maiti zinazorudishwa nyumbani, dagaa, maharusi. Kisha zikachakaa. Wenzetu ng'ambo, MV Ilala iko ziwani toka 1951, imesimama na kuendelea mara nyingi, imechoka, lakini mtu wa Likoma ukimuuliza boti ya wiki anajua unazungumzia nini. Na hapa ndipo rafiki yangu wa utalii anaponishangaza, maana vitabu vya wageni vimeijaza Ilala kurasa na kurasa. Wazungu wanatoka kwao kuja kulala juu ya sitaha ya Ilala kati ya magunia ya mahindi na mbuzi. Kule Kigoma wamekuwa wakija kuipanda MV Liemba kwa sababu ni meli ya Mjerumani iliyozamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Hakuna aliyejenga Liemba kwa ajili ya watalii. Ilikuwa inabeba mananasi na dagaa na watu wa Kasanga, mgeni akaomba nafasi akapewa. Ukiwa na meli inayowabeba wenyeji kwa wakati, mtalii atakuja mwenyewe na atalipa nauli ya daraja la kwanza bila kupigiwa ngoma. Ukianza na mtalii, mama wa Lumbila atapungia mkono taa zinazopita.

Najua majibu. La kwanza: barabara zinajengwa. Kweli, na nashukuru. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, ilikamilika, na zamani kipande kile kilikuwa adhabu. Lakini chukua ramani. Kutoka Kyela kwenda Mbamba Bay kwa barabara unapanda Mbeya, unakwenda Makambako, unageuka Njombe, unashuka Songea, Mbinga, ndipo ziwa. Zaidi ya kilomita 700 kuzunguka milima. Kwa maji ni kama 200. Na hiyo lami haimsaidii kitu mtu wa Kilondo au Makonde au Lumbila, vijiji vya mwambao wa Ludewa, ambaye juu yake kuna mlima na mbele yake kuna maji.

La pili: meli inatia hasara. Hili linaniudhi kuliko yote. Ile lami ya Mbinga ilitakiwa kuleta faida gani kwa mwezi? Nani alikaa na daftari kuhesabu magari? Barabara tunaiita huduma, meli tunaiita biashara. Kwa mtu wa Lumbila ziwa ndiyo barabara, na meli ndiyo lami yake.

La tatu ni usalama, na hapo natulia kidogo. Nyasa si bwawa. Upepo wa kusini, wanaouita mwera, unaweza kuamka kutwa mbili ukapiga mawimbi ya bahari. Julai 30, 1946 meli mpya kabisa, MV Vipya, ilizama upande wa Malawi na watu 145. Sisi tumemzika ndugu yetu kila kona: MV Bukoba mwaka 1996, MV Nyerere Septemba 2018 pale Ukara, siku ya gulio, watu zaidi ya 220 kwenye kivuko kilichotakiwa kubeba mia moja na kidogo. Tafadhali isome hiyo tena. Siku ya gulio. Watu walijazana kwa sababu walikuwa na siku yao na chombo kilikuwa kimoja. Sasa mpe mtu wa mwambao meli isiyo na siku. Amesubiri wiki mbili, na wenzake mia nne wamesubiri wiki mbili, honi inalia. Utamwambia nani ashuke? Meli isiyojulikana itarudi lini inajizidishia abiria yenyewe. Na asiyeisubiri anapanda mtumbwi wa injini usiku, bila jaketi, na huyo akizama hatangazwi mahali popote.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Mambo yamefanyika. Mwaka 2017 ziliingia majini meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja tani 1,000. Mwaka 2021 ikazinduliwa MV Mbeya II, abiria 200 na mizigo tani 200. Zote zilijengwa pale pale Kyela na kampuni ya kizalendo, Songoro Marine ya Mwanza. Vijana wetu wamechomelea meli kwa mikono yao ufukweni mwa Nyasa, na habari hiyo sisi waandishi tuliiandika siku ya kukata utepe tukarudi Dar. Mbamba Bay nako wanajenga bandari mpya. Kwa hiyo nisije nikaambiwa nalilia chuma. Chuma kimekuja.

Ninachokililia hakihitaji hata mkopo wa benki. Ni siku. Siku ya wiki, na saa. Iandikwe ukutani stendi ya Kyela, Lupingu, Manda, Liuli, itangazwe redioni, na siku ikibadilika watu waambiwe kabla hawajavuna maembe. Meli ikiingia matengenezo, iandikwe inatoka lini na inayoshika zamu yake ni ipi. Jaribu wewe unayesoma hapa, una intaneti na una digrii, tafuta sasa hivi meli ya abiria inatoka Kyela kwenda Mbamba Bay siku gani wiki hii, saa ngapi, nauli kiasi gani. Jipe nusu saa. Kisha tafuta bei ya kulala kwenye boti Ha Long. Niambie kipi umekipata kwanza.

Na wale wa mpaka, maana najua mtanirukia: mazungumzo na Malawi yamepita kwa Rais mstaafu Chissano na wenzake, na wanasheria wataendelea kufungua mafaili. Wafungue. Siku jaji au msuluhishi atakapouliza Tanzania imekuwa inafanya nini juu ya maji hayo, natamani wakili wetu atoe mezani ratiba iliyochakaa kwa kushikwa, ya miaka ishirini mfululizo, kuliko atoe hotuba zetu za 2012.

Rafiki yangu aliniuliza mwisho, sasa wewe mwandishi umeandika lini habari ya hiyo ratiba? Nikakosa jibu. Toka nianze kazi hii nimeandika Nyasa mara tatu: mara moja mpaka, mara moja uzinduzi, mara moja Matema na samaki wa kuchoma.

Jana usiku mama mdogo kanitumia ujumbe kutoka Liuli. Bibi ametuma salamu, anaumwa miguu, na yeye anataka kwenda Kyela kumuuguza. Mwishoni ameandika: "Wewe uko kwenye magazeti, niulizie meli ni lini."

Nimepiga simu mbili. Nimeambiwa nipige kesho.